Refa Afuate Kitabu au Akili Yake?



Naomba nafasi katika kurasa za Kiswahili za gazeti letu nipate kusema neno juu ya jambo lililoleta ubishi mwingi tangu majira ya michezo yaliyopita. Nimelisikia likijadiliwa chini ya mwembe, katika foleni ya posho na maharagwe, na hata ndani ya teksi ya kwenda Bwera, ambamo vijana wawili walibishana kwa sauti kubwa mpaka abiria wengine wakaingia katika ubishi huo. Jambo lenyewe ni hili: refa wa mchezo wa shule afuate kitabu cha sheria neno kwa neno, au atumie akili yake kwa kadiri ya mambo anayoyaona mbele yake?

Sisemi kama mtazamaji tu. Tangu nitoke shuleni nimepuliza filimbi katika michezo mingi ya vijana kati ya Kasese na mpaka wa Mpondwe, na kosa nitakalolieleza hapa ni langu mwenyewe. Nalieleza kwa kuwa limenifundisha zaidi kuliko michezo yote niliyoiamua vizuri.

Ulikuwa mchezo wa mtoano, katika uwanja mmoja karibu na mji wa Kasese. Timu moja ilikuwa ya mjini. Ya pili ilitoka vilima vya juu ya Bwera, ikasafiri alfajiri ndani ya lori la mfanyabiashara wa kahawa, wakapita Kisinga na Kikorongo, wakafika na vumbi mpaka kwenye nyusi. Walikuja wachezaji 12 tu. Kabla ya kuanza nilizikagua timu zote mbili, kama ipasavyo. Vijana 4 wa ile timu ya vilimani hawakuwa na vikinga vya ugoko.

Sheria ya 4 ya mpira wa miguu haina maneno ya kuzunguka katika jambo hili. Mchezaji lazima awe na jezi, bukta, soksi, vikinga vya ugoko na viatu. Vikinga vimekuwa vya lazima tangu mwaka 1990. Basi nikawaambia wale vijana 4 wakae nje mpaka wapate vikinga. Mwalimu wao akanijia kwa adabu akasema, "Bwana refa, hawa wametoka mbali. Tafadhali waache wacheze." Nikamjibu kwamba sheria si yangu. Sheria ya 3 yakataza mchezo kuanza ikiwa timu ina wachezaji pungufu ya 7. Wao walibaki 8, kwa hiyo nikapuliza filimbi na mchezo ukaanza.

Wanane kwa kumi na mmoja! Hapana haja ya kueleza sana. Wakati wa mapumziko walikuwa wamefungwa mabao 3 kwa sifuri. Hapo mwalimu wao akaenda dukani, akaomba boksi la sabuni, akalikata kwa kisu vipande 8, na wale vijana 4 wakavitia ndani ya soksi zao. Wakaja mbele yangu. Nikavigusa, nikaona ni vigumu kiasi, na kwa kweli moyo ulikuwa umenisuta. Nikasema, "Haya, ingieni." Kipindi cha pili walicheza kumi na mmoja kwa kumi na mmoja, wakafunga mabao 2, wala wao hawakufungwa hata moja. Mchezo ukaisha 3 kwa 2, nao wakatolewa mashindanoni.

Nilipokuwa nikivua viatu akanijia mzee mmoja aliyesafiri na timu ile. Hakunitukana. Aliniamkia vizuri, kisha akaniuliza, "Mwanangu, kama boksi la sabuni lilikuwa kikinga katika kipindi cha pili, mbona halikuwa kikinga katika kipindi cha kwanza?"

Nikasema, "Mzee, kipindi cha kwanza hawakuwa nalo." Akanitazama, akasema, "Kwani uliwaambia kwamba wangeweza kulitumia?"

Sikuwa na jibu. Na mpaka leo nikilifikiria swali hilo naona kwamba lilinikamata pande zote mbili. Ikiwa boksi halitoshi kumkinga kijana, basi nilikosa kuwaingiza katika kipindi cha pili, maana nilihatarisha miguu yao kwa sababu ya kusutwa na moyo wangu. Na ikiwa boksi latosha, basi nilikosa kuanza mchezo bila kuwapa dakika 5 za kulitafuta. Katika kipindi cha kwanza nilikuwa mtumwa wa kitabu, katika kipindi cha pili nikawa mtumwa wa huruma. Kapteni wa timu ile alikuwa Senior Four. Hakuwa na mwaka mwingine wa kuichezea shule yake.

Sasa tuangalie hoja za pande mbili zinazobishana.

Wale wanaotaka sheria ifuatwe neno kwa neno husema kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Husema refa akianza kulegeza, hatajua pa kusimama. Leo amlegezee huyu kwa kuwa ametoka mbali, kesho yule kwa kuwa baba yake anajulikana, kesho kutwa mwingine kwa kuwa ni wa kijiji chake. Na sisi wa huku twajuana mno! Refa wa Bwera hukuta uwanjani mtoto wa dada yake, mwanafunzi wa mwalimu wake wa zamani, na jirani wa shamba la pamba. Kitabu kikifuatwa kama kilivyo, hapana awezaye kumshitaki kwamba amependelea. Tena refa kijana asiye na uzoefu hupata mahali pa kujificha: "Si mimi, ni sheria." Hoja hii ina nguvu, wala siidharau.

Wale wa upande wa pili husema kwamba kitabu hakioni, refa ndiye mwenye macho. Nao pia wana haki, na ushahidi wao umo ndani ya kitabu chenyewe. Watu wengi wanaosema "fuata kitabu" hawajakisoma. Sheria za mpira ni 17 tu, na mahali pengi zinamwachia refa aamue kwa maoni yake. Ni yeye anayepima kama mchezo ulikuwa wa hatari, kama mkono umeufuata mpira au mpira umeufuata mkono, kama kuna faida ya kuachia mchezo uendelee ijapokuwa kosa limetendeka, na ni muda gani uongezwe kwa ajili ya wakati uliopotea. Mwaka 2016 bodi ya kimataifa inayotunga sheria hizi, ambayo iliundwa mwaka 1886, iliziandika upya na kusema wazi kwamba refa aamue kwa kufuata sheria pamoja na roho ya mchezo. Kwa hiyo mtu anayetumia akili hajakiacha kitabu. Kitabu ndicho kilichomtuma.

Hata habari ya vikinga yenyewe, ambayo mimi niliidhani ni ngumu kama jiwe, ina nafasi ya akili ndani yake. Sheria haisemi vikinga vinunuliwe dukani. Yasema vitengenezwe kwa kitu kifaacho, vitoe kinga ya kutosha, na vifunikwe na soksi. Tangu mwaka 2024 imeongezwa kwamba mchezaji mwenyewe ndiye mwenye jukumu la ukubwa na kufaa kwa vikinga vyake. Laiti ningelifikiri maneno hayo kabla ya filimbi ya kwanza, badala ya wakati wa mapumziko!

Mambo haya si ya kwetu tu. Katika Kombe la Dunia la mwaka 1978 kule Argentina, Brazil ilikuwa sare na Uswidi 1 kwa 1. Brazil wakapata kona katika dakika ya mwisho. Mpira ukapigwa, na ulipokuwa bado hewani refa Clive Thomas wa Wales akapuliza filimbi ya mwisho. Zico akaupiga kwa kichwa ukaingia golini, lakini bao likakataliwa. Saa yake yaweza kuwa ilikuwa sahihi kabisa. Lakini kwa kuwa muda wa kuongeza ulikuwa mikononi mwake, ni nani angelalamika kama angengoja mpira utue? Aliifuata saa, akasahau kwamba aliruhusu kona ipigwe. Ukimruhusu mtu kuanza jambo, wamwahidi nafasi ya kulimaliza.

Mfano wa pili natoa katika besiboli, mchezo wa Marekani wa kupiga mpira kwa gongo. Wengi wetu hatuuchezi, ingawa Uganda una wachezaji wake hodari: mwaka 2012 watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya Little League kule Williamsport, Pennsylvania. Nao wana hadithi moja maarufu inayohusu swali letu hili.

Tarehe 24 Julai 1983, mjini New York, mchezaji George Brett wa Kansas City aliupiga mpira ukavuka ukuta, na pigo hilo likaipa timu yake uongozi wa 5 kwa 4. Kiongozi wa wapinzani akamwendea mwamuzi akadai kwamba gongo la Brett limepakwa utomvu wa msonobari kupita kiasi. Wachezaji huupaka ili mikono isiteleze, lakini sheria iliweka mpaka: inchi 18 tu kutoka kwenye mpini. Waamuzi wakalipima gongo, wakaona utomvu umepita mpaka. Wakafuata kitabu: Brett nje, pigo limefutwa, mchezo umekwisha, New York wameshinda 4 kwa 3. Brett akatoka mbio kwa hasira ambayo Wamarekani hawajaisahau.

Timu yake haikupiga watu ngumi. Ilikata rufani kwa rais wa ligi, Bwana Lee MacPhail. Yeye akauliza swali ambalo waamuzi hawakuuliza: sheria hii iliwekwa kwa ajili ya nini? Akaona haikuwekwa kwa kuwa utomvu wamsaidia mtu kuufikisha mpira mbali. Iliwekwa ili mipira isichafuke na kutupwa ovyo. Basi dawa ya kosa ilikuwa kuliondoa gongo uwanjani, si kulifuta pigo. Akaamuru mchezo uendelee pale ulipokatika. Ulimalizwa tarehe 18 Agosti, na Kansas City wakashinda 5 kwa 4. Baadaye sheria yenyewe ilielezwa wazi zaidi.

Katika habari hii naona mafunzo mawili. La kwanza, kabla ya kuadhibu yapasa kujua sheria inalinda nini, na adhabu ilingane na kile kilichoharibika. La pili, waliobadilisha uamuzi hawakuwa watazamaji wenye mawe mkononi. Ni rufani iliyopita kwenye njia yake. Vijana wetu wanaomzunguka refa baada ya mchezo na kumvuta jezi walishike hili.

Lakini ndugu zangu wa upande wa huruma wasifurahi mapema. Akili ya mwamuzi nayo hukosea. Mwaka 2010, tarehe 2 Juni, kule Detroit, kijana Armando Galarraga alikuwa amebakiwa na mtu mmoja tu ili akamilishe mchezo ambao hapana mpinzani hata mmoja aliyefika kituo cha kwanza, jambo adimu sana katika besiboli. Mtu wa mwisho akapiga, akakimbia, na mpira ukafika kabla yake. Mwamuzi Jim Joyce akasema mkimbiaji amewahi. Alikosea, na alipotazama picha baadaye alilia na kuomba radhi waziwazi. Wakuu hawakuubadilisha uamuzi. Siku iliyofuata Galarraga mwenyewe ndiye aliyempelekea Joyce orodha ya wachezaji kabla ya mchezo, wakapeana mkono. Marekani wana picha za kurudia. Sisi Bwera tuna macho ya refa na ya washika vibendera wawili, basi. Kwa hiyo yatupasa kuwa na kile walichokuwa nacho Joyce na Galarraga siku ile: mwamuzi akiri, na mchezaji apokee.

Baada ya kuyafikiri hayo yote, maoni yangu ni haya. Swali la "kitabu au akili" limeulizwa vibaya, kwa sababu sheria zote si za namna moja. Ziko za namna tatu, na kila namna yataka mkono wake.

Namna ya kwanza ni mambo ya hakika. Mpira umevuka mstari wote au haukuvuka. Mchezaji ameandikishwa au hakuandikishwa. Umri wake ni huu au si huu. Hapa hapana huruma wala maoni. Mwaka 2011 timu nyingine ya watoto wa Uganda ilishinda nafasi ya kwenda Williamsport, ikanyimwa viza za Marekani kwa sababu ya hitilafu katika hati za umri. Watoto ndio walioumia kwa karatasi za watu wazima. Kwa hiyo mwalimu anayemwandikisha kijana mwenye ndevu kama mtoto wa Senior Two asidhani anaisaidia shule. Anawawekea deni vijana watakaokuja nyuma.

Namna ya pili ni mambo ya usalama: vikinga, viatu, pete na mikufu, radi inayopiga juu ya Rwenzori wakati wa mvua. Hapa pia refa asilegeze, lakini lazima awahi. Ukali wa asubuhi ni ulinzi. Ukali wa saa ya filimbi, wakati kijana hana tena la kufanya, ni adhabu tu. Kama ningeuliza jana yake, au hata saa moja kabla, wale vijana 4 wangeingia wakiwa na vikinga, na sheria ingetimizwa yote.

Namna ya tatu ni mambo yaliyoachiwa maoni ya refa: nia, hatari, faida, muda. Hapa anayekataa kutumia akili anaikwepa kazi aliyopewa. Lakini akili hiyo ina sharti moja: iwe sawasawa kwa wote wawili. Kama unamwachia beki wa timu hii kusukuma kwa bega, mwachie na wa timu ile. Ulilolikataza dakika ya 10 likataze na dakika ya 80. Huruma inayokwenda upande mmoja tu hutofautianaje na rushwa? Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu, na kila mshabiki hupenda refa mwenye akili mpaka siku akili hiyo inapomgeukia.

Iko pia njia ambayo wengi hatuitumii. Sheria za mpira zenyewe zaruhusu wakuu wa michezo kupunguza mambo fulani kwa ajili ya vijana na michezo ya mashinani: ukubwa wa uwanja, ukubwa wa mpira, muda wa kucheza, upana wa magoli, na wachezaji waliotoka kurudi tena. Kama shule zetu zina shida, walimu wa michezo wakae, wakubaliane mambo hayo yanayoruhusiwa kabla ya msimu, wayaandike, na kila timu ipate nakala. Kulegeza kulikoandikwa mapema ni sheria. Kulegeza kunakozaliwa uwanjani katikati ya kelele ni bahati nasibu.

Kwa hayo naomba mambo matatu. Kwanza, kila mchezo wa shule utanguliwe na mkutano mfupi wa refa na makapteni, angalau saa moja kabla, na refa aseme wazi ni nini hatakivumilia. Pili, kila chumba cha michezo kiwe na sanduku la vikinga vya akiba, vya kuazima na kurudisha. Sisi wanafunzi wa zamani tuna wajibu hapa. Kila mmoja wetu aliyeanza kupokea mshahara, au kuuza kahawa yake mwenyewe, aweza kuleta jozi moja au mbili siku ya kutembelea shule. Tatu, wanafunzi wenyewe wafundishwe kupuliza filimbi katika michezo ya mabweni. Kijana aliyewahi kusimama katikati ya uwanja huku marafiki zake wakimpigia kelele hatakuwa mwepesi tena wa kumwita refa mwizi.

Najua wako watakaosema kwamba ninaufanya mchezo wa watoto kuwa jambo kubwa. Nami nawauliza: kijana wa kwetu hukutana wapi kwa mara ya kwanza na mtu mwenye mamlaka ambaye si mzazi wake wala mwalimu wake? Kwa wengi ni uwanjani. Kwa refa hujifunza kama sheria ni kitu cha kulinda watu au ni rungu la kuwapigia. Atakayejifunza vibaya leo, kesho ataketi katika ofisi, na mzee kutoka vilimani atasimama mbele yake na karatasi iliyopungua sahihi moja.

Yule mzee wa siku ile sijamwona tena. Mimi sasa, kila niendako kuamua mchezo, hubeba mfukoni kisu kidogo na chini ya mkono boksi tupu la sabuni. Nafika mapema, nazikagua timu zote mbili, na wenye kupungukiwa tunakaa chini tukakata pamoja. Watu hunicheka, lakini tangu hapo hapana kijana niliyemwacha nje kwa sababu ya vikinga, wala niliyemwingiza bila vikinga.

Wenye mawazo mengine na wayalete katika toleo lijalo. Nitayasoma yote.

Ndimi,
Mwanafunzi wa zamani, Bwera